Mlangilangi wa Komoro: Jinsi ubora wa mafuta ya kunukia unavyopimwa

Mafuta halisi ya mlangilangi yanayouzwa Dar es Salaam, Dubai au Paris hutoka kwa sehemu kubwa katika nchi mbili za Bahari ya Hindi: Komoro na Madagascar. Kabla ya kumfikia mnunuzi huwa yamepita kwa mchumaji wa maua, mkenekaji, mkusanyaji, msafirishaji na muuzaji wa rejareja, na katika kila hatua yanaweza kuharibika au kuchanganywa na kitu kingine. Mnunuzi wa mwisho, anayeyapaka mwilini au kuyanusa kwa kuamini kuwa yatamtuliza, ni nadra kuweza kulitambua hilo kwa pua peke yake.

Biashara ya tiba ya harufu imeenea katika miji ya Afrika Mashariki, kuanzia saluni na vituo vya kukanda mwili hadi kurasa za mitandao ya kijamii. Pamoja nayo yameenea maneno ya kusifia bidhaa: "halisi", "safi asilimia 100", "daraja la tiba". Makala haya yanaeleza maneno hayo yana uzito gani, na ubora wa mafuta hayo hutokana na nini hasa, kwa kuufuata mlangilangi kutoka shambani hadi kwenye chupa.

Mafuta ya kunukia ni nini?

Mafuta ya kunukia ni kimiminika chenye harufu kali kinachotolewa katika maua, majani, magome, mizizi, mbegu au maganda ya matunda. Hayafanani na mafuta ya nazi, ya alizeti au ya ufuta. Mafuta ya kupikia hubaki yalipomwagika na kuacha doa; ya kunukia hupanda hewani taratibu na kupotea.

Kwenye lebo nyingi huandikwa "mafuta muhimu". Tafsiri hiyo hupotosha. Neno la Kizungu lililotafsiriwa hivyo linahusu kiini cha harufu ya mmea, na halidai kuwa mwili wa mwanadamu unayahitaji mafuta hayo kama unavyohitaji vitamini au chumvi.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, huyahesabu kuwa mafuta ya kunukia yale tu yaliyopatikana kwa kukeneka mmea kwa maji au mvuke, kwa kukeneka bila maji, au kwa kukamua maganda ya matunda jamii ya machungwa kwa mashine. Harufu iliyotolewa kwa kemikali ya kuyeyushia, kama inavyofanywa mara nyingi kwa asumini, hupewa jina jingine katika biashara. Harufu iliyotengenezwa kiwandani haimo kabisa katika kundi hili, hata kama inanukia vilevile.

Jina "aromatherapi", yaani tiba ya harufu, lilianza kutumiwa na mkemia wa Kifaransa René-Maurice Gattefossé, aliyechapisha kitabu chenye jina hilo mwaka 1937. Matumizi ya manukato kwa ajili ya mwili na nafsi, hata hivyo, ni ya kale kuliko jina hilo. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, maua ya mlangilangi hutungwa pamoja na asumini na rehani kuwa kikuba, hutandazwa kitandani mwa maharusi, na hulowekwa katika mafuta ya nazi ili yatie harufu.

Mti uliotoka Asia

Mlangilangi, ambao jina lake la kisayansi ni Cananga odorata, ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Asili yake ni Kusini Mashariki mwa Asia, na jina lake la Kiswahili linatokana na lile linalotumika Ufilipino. Katika karne ya 19 mafuta yaliyosifika zaidi yalitoka Manila. Baadaye walowezi wa Kifaransa waliupanda mti huo katika kisiwa cha Réunion, kisha Komoro na Nosy Be, kaskazini magharibi mwa Madagascar. Kilimo hicho kilipungua sana Réunion, lakini kikadumu Komoro, hasa katika kisiwa cha Nzwani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan.

Leo mlangilangi, vanila na karafuu ndiyo mazao makuu ambayo Komoro huyauza nje. Wateja wakubwa ni watengenezaji wa manukato wa Ulaya. Chanel No. 5, manukato yaliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1921, ni miongoni mwa yale yanayojulikana kwa kutumia harufu ya mlangilangi.

Ubora huanzia shambani

Ukiachwa ukue wenyewe, mlangilangi hupita urefu wa mita 15. Mashambani hukatwa kilele na matawi yake huinamishwa ili mchumaji ayafikie akiwa amesimama chini. Kazi ya kuchuma hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanawake, ambao hulipwa kwa kilo.

Mambo matatu huamua thamani ya maua kabla moto haujawashwa. La kwanza ni ukomavu: ua lililo tayari huwa la manjano, na karibu na shina la petali zake huonekana wekundu kidogo. Ua la kijani hutoa mafuta machache yenye harufu hafifu. La pili ni wakati wa kuchuma: kazi huanza alfajiri na kumalizika kabla jua halijawa kali, kwa sababu joto hupunguza harufu. La tatu ni kasi ya kuyafikisha kwenye mtambo, kwani maua yaliyorundikwa kwenye magunia kwa saa nyingi huanza kuvunda.

Hapa ndipo mvutano wa kwanza unapojitokeza. Mchumaji anayelipwa kwa uzito hufaidika akijaza kikapu upesi, na ua la kijani huongeza uzito sawa na la manjano. Mkenekaji asiyekagua kikapu, au anayelipa bei moja kwa maua yote, hupata hasara ambayo baadaye anaweza kushawishika kuifidia ndani ya pipa.

Pipa moja, madaraja matano

Kukeneka ni kuchemsha mmea kwa maji au kuupitishia mvuke, kisha kuupoza mvuke huo hadi urudi kuwa kimiminika. Maua ya mlangilangi hutiwa ndani ya pipa kubwa la shaba au chuma kisichoshika kutu. Mvuke unaotoka hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi, na mwishoni mafuta huelea juu ya maji ndani ya chombo cha kutenganishia. Kilo 100 za maua hutoa takriban kilo 2 za mafuta.

Upekee wa mlangilangi ni kwamba mafuta yake hayakusanywi yote katika chombo kimoja. Kazi huweza kuendelea kwa saa 18 hadi 24, na mafuta yanayotoka saa ya kwanza hutofautiana sana na yanayotoka mwishoni. Kwa hiyo hugawanywa katika madaraja: ekstra bora, ekstra, la kwanza, la pili na la tatu.

Tofauti hiyo ni ya kikemia. Mwanzoni hutoka viambato vyepesi kuvukiza, kama vile linaloli na asetati ya benzili, vyenye harufu tamu ya maua na matunda. Baadaye hutoka viambato vinavyochelewa, kama vile germakrini D na kariofilini, ambavyo harufu yake ni tulivu na hukaribia ya mbao. Madaraja ya ekstra hununuliwa kwa ajili ya manukato ya bei ya juu. Daraja la tatu huenda zaidi kwenye sabuni na bidhaa za usafi.

Mkenekaji hujua wakati wa kubadilisha chombo kwa kupima uzito wa mafuta kwa ujazo wake. Hutumia kifaa cha kioo kinachoelea, mfano wa kile ambacho wanunuzi wa maziwa hukitumbukiza kubaini kama maziwa yametiwa maji. Mililita moja ya ekstra huwa na uzito wa takriban gramu 0.95 au zaidi. Ya daraja la tatu hukaribia gramu 0.91. Katika biashara ya Komoro, tofauti hiyo ndogo ndiyo inayopanga bei.

Daraja ni jambo moja, ubora ni jambo jingine

Mgawanyo huu huwachanganya wanunuzi wengi. Daraja linaeleza mafuta yalitoka saa ngapi za ukenekaji na yanafaa kwa kazi gani. Halisemi kama ni ya kweli. Mafuta ya daraja la tatu yaliyokenekwa kwa uangalifu ni mafuta halisi kabisa, ilhali chupa iliyoandikwa "ekstra" inaweza kuwa imeongezwa kemikali za kiwandani.

Lipo pia daraja linaloitwa "kamili", ambalo watumiaji wa tiba ya harufu hulipendelea. Kwa maana yake ya asili, ni mafuta ya ukenekaji wote, tangu tone la kwanza hadi la mwisho, bila kugawanywa. Sokoni, hata hivyo, baadhi ya mafuta yanayoitwa "kamili" hutengenezwa kwa kuchanganya madaraja ya chini baada ya ekstra kuuzwa kando kwa bei nzuri. Mchanganyiko huo unatokana na maua yaleyale, lakini anayelipia ukamilifu hapewi alichokilipia.

Mfano kama huo unapatikana Pemba, ambako katika kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake, hukenekwa mafuta ya karafuu. Mkarafuu mmoja hutoa mafuta ya aina tatu: ya karafuu zenyewe, ya makonyo na ya majani. Yote yana eujenoli kwa wingi, kiambato kinachofanya karafuu itie ganzi kwenye jino. Mafuta ya karafuu zenyewe yana pia kiasi kikubwa cha asetati ya eujenoli, inayoyapa harufu laini, na bei yake ni ya juu zaidi. ISO imeweka kiwango tofauti kwa kila aina. Ndiyo maana lebo inayosema "mafuta ya karafuu" pekee, bila kutaja sehemu ya mti, haijamwambia mnunuzi jambo la msingi.

Jinsi mafuta yanavyoghushiwa

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuongeza mafuta ya kawaida yasiyo na harufu, au kimiminika kingine cha bei ndogo. Njia ya pili ni kuchanganya na mafuta ya mmea wa jamaa. Mlangilangi huchanganywa na mafuta ya kananga ya Indonesia, yanayotokana na aina nyingine ya mti uleule na kuuzwa kwa bei ya chini. Njia ya tatu, iliyo ngumu kuigundua, ni kuongeza asetati ya benzili au viambato vingine vilivyotengenezwa kiwandani. Viambato hivyo ni vilevile vilivyomo ndani ya ua, na kwa kuwa baadhi yake ni vizito, huweza hata kukidanganya kile kifaa kinachoelea.

Wengi hupima nyumbani kwa kudondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Doa la mafuta likibaki baada ya siku moja, yapo mashaka kwamba mafuta ya kupikia yameongezwa. Kipimo hicho kinasaidia, lakini kina mipaka: baadhi ya mafuta halisi yaliyo mazito huacha alama, na kemikali za kiwandani zinaweza kutoweka bila kuacha chochote.

Jibu la kuaminika zaidi hutoka maabara. Mtambo wa kromatografia ya gesi hutenganisha viambato kimoja kimoja na kuonyesha kila kimoja kimo kwa asilimia ngapi. Matokeo hulinganishwa na viwango vilivyochapishwa. Kwa mlangilangi ni kiwango cha ISO namba 3063. Hupimwa pia uzito kwa ujazo na namna mafuta yanavyopinda na kuzungusha mwanga. Panapokuwa na shaka kubwa, wataalamu huchunguza isotopu za kaboni, ambazo huweza kutofautisha kiambato kilichotoka kwenye mmea na kile kilichotengenezwa kwa petroli.

"Daraja la tiba" limetolewa na nani?

Hakuna serikali wala chombo cha kimataifa cha viwango kinachotoa cheti cha "daraja la tiba" kwa mafuta ya kunukia. Ni maneno ya kibiashara yaliyobuniwa na wauzaji wenyewe. Viwango vya ISO vinaeleza mafuta ya aina fulani yanapaswa kuwa na nini ndani yake. Havisemi yanatibu nini.

Madai ya tiba yamewahi kuzua hatari kubwa. Mwezi Septemba 2014, Ebola ilipokuwa ikiua watu Afrika Magharibi, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia barua za onyo kampuni ambazo bidhaa zake, yakiwemo mafuta ya kunukia, zilinadiwa kuwa kinga au tiba ya ugonjwa huo.

Kuhusu mlangilangi, zipo tafiti zilizoonyesha kuwa watu waliounusa walihisi utulivu na shinikizo lao la damu likashuka kwa kiasi. Tafiti hizo zilihusisha watu wachache na kwa muda mfupi. Harufu nzuri inaweza kumpumzisha mtu aliyechoka, na hilo si jambo dogo, lakini mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha dawa na kutegemea chupa ya manukato anayaweka maisha yake hatarini.

Halisi haina maana ya salama

Mafuta yaliyo halisi kabisa yanaweza kudhuru. Mlangilangi unajulikana kwa kusababisha mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu, na harufu yake ikizidi huleta kichwa kuuma na kichefuchefu. Shirika la Kimataifa la Manukato, IFRA, limeweka ukomo wa kiasi chake katika bidhaa zinazopakwa mwilini. Mwaka 2023, Umoja wa Ulaya uliyaingiza mafuta ya mlangilangi na ya karafuu katika orodha ya viambato ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo za vipodozi vinapozidi kiwango kilichowekwa.

Kwa hiyo mafuta haya hayapakwi yakiwa matupu. Huzimuliwa katika mafuta ya nazi, ya ufuta au ya aina hiyo. Kwa mlangilangi, nusu mililita, yaani takriban matone 10, katika mililita 100 za mafuta ya nazi hutosha kwa kukandia mwili. Ni busara kujaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na kusubiri hadi kesho yake.

Kuyanywa bila usimamizi wa daktari ni hatari. Watoto wadogo waliomeza vijiko vichache vya mafuta ya karafuu au ya mkaratusi wamewahi kupata degedege, kupoteza fahamu, au, kwa upande wa karafuu, kudhurika ini. Chupa iwekwe mbali na watoto. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye pumu na mwenye kifafa washauriane na mhudumu wa afya kabla ya kuyatumia.

Umri wa mafuta nao ni sehemu ya ubora. Hewa, mwanga na joto hubadilisha viambato vyake, na vingine vikishabadilika huwa vikali zaidi kwa ngozi. Chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, iliyofungwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi, huyahifadhi kwa muda mrefu. Chupa ya plastiki nyepesi haifai, kwani mafuta haya huweza kuila.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Lebo nzuri hutaja jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, nchi ulikolimwa, njia ya kutoa mafuta, namba ya toleo na tarehe. Kwa mlangilangi, itaje pia daraja. Muuzaji makini huweza kuonyesha ripoti ya maabara yenye namba ileile ya toleo iliyo kwenye chupa. Ripoti ya miaka kadhaa iliyopita, au isiyo na namba, haithibitishi kilichomo.

Bei nayo ina ushuhuda wake. Mimea haitoi mafuta kwa kiasi kimoja, na kazi ya kuyapata si sawa. Mafuta ya maganda ya chungwa ni rahisi kupatikana, lakini kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji maelfu ya kilo za maua. Duka linalouza chungwa, mlangilangi, waridi na msandali kwa bei moja linauza, kwa sehemu kubwa, harufu za kiwandani. Harufu hizo zinaweza kuwa nzuri kwa chumba, mradi ziuzwe kwa jina lake.

Gharama isiyoandikwa kwenye lebo

Pipa linalochemka saa 20 linahitaji moto wa saa 20. Komoro, mitambo mingi ya vijijini hutumia kuni, na Nzwani ni kisiwa chenye milima mikali, watu wengi na ardhi ndogo. Ukataji wa miti kwa ajili ya kilimo, ujenzi, kupikia na kukenekea umeacha miteremko mitupu, na mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka sehemu ya mwaka. Ukenekaji wenyewe hautaki kuni pekee. Hutaka pia maji mengi ya kupozea mvuke.

Zipo juhudi za kujenga majiko yanayobana moto na kupunguza kuni, pamoja na kupanda miti ya kukatwa kwa zamu. Juhudi hizo zinahitaji fedha, na fedha hutokana na bei. Bei ya mlangilangi hupanda na kushuka kwa kutegemea wanunuzi wachache walio mbali, na inaposhuka, wakulima wengine huing'oa milangilangi na kupanda chakula.

Hapo ndipo uhalisia wa mafuta unapogusa zaidi ya ngozi ya mnunuzi. Kila lita iliyoongezwa kemikali na kuuzwa kama mlangilangi halisi hushindana na lita ya mkenekaji aliyekagua maua, akakesha na moto na kutenganisha madaraja kwa haki, na humshinda kwa bei. Mnunuzi anayeuliza jina la mmea, nchi ya asili, daraja na ripoti ya maabara huilinda afya yake na fedha zake. Maswali hayo pia humpa mkenekaji wa Nzwani sababu ya kuendelea kukataa maua ya kijani.